Baba, Semeni Hakuwa na Mimba

Igamba, Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpenzi,

Ni mimi, Tabita. Semeni yu hai. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungekuwa hapa ungeuliza habari za mbwa kwanza, kisha za mvua, kisha ndipo ungenigeukia na kusema, "Na wewe je?" Yu hai mpaka saa hii ninapoandika. Kesho asubuhi Bwana Mifugo atampiga sindano, na mwenyewe amekiri kwamba dawa hiyo huenda ikamponya, huenda ikamuua. Eliya amekubali, Mzee baba yake amekubali, sote tumekubali. Ila wewe hujaulizwa, na mbwa ni wako. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Lakini niache nikupe furaha kwanza, Baba, maana ipo, ni nyingi mno, na hakuna mwingine ninayetaka kumwambia kama wewe. Nimeolewa. Tulingoja matanga yako yaishe kama ulivyotaka, kisha tukafunga ndoa kanisani misheni, nami nimevaa gauni la kitambaa cheupe kutoka duka la Mhindi kule Tunduma. Shangazi alilishona mwenyewe, mikono ikawa mirefu hata pete ilipata shida kukiona kidole. Eliya alitetemeka. Mwanaume wa watu, mabega yale, sauti ile ya besi inayotikisa mabenchi ya kwaya, alipoulizwa kama ananikubali alijibu kwa sauti ya kifaranga. Kanisa zima lilicheka, mimi nikalia.

Baba, nampenda. Naona haya kukuandikia hivi, lakini nani atanisikia? Akiniita kwa jina langu nasahau kilichoko mkononi. Maharage yameungua zaidi ya mara moja katika nyumba hii, naye huyala na kuyasifu. Kahawa ilipochanua, shamba lote likawa jeupe na harufu ikaingia mpaka kitandani, na asubuhi moja akanichumia kitawi kizima cha maua. Mkulima wa kahawa hachumi ua, maana kila ua ni punje. Alikificha ndani ya shati ili baba yake asikione. Nimekiweka katikati ya kurasa za Biblia, kimekauka, bado kinanukia.

Hiyo ndiyo nyumba niliyoingia. Na Semeni aliingia pamoja nami, ingawa hakualikwa. Tulipoondoka Chitete na msafara wa bibi harusi alitufuata nyuma. Wajomba walimrushia mawe, akakaa chini, akangoja wapite, akaendelea. Mama alisema mwacheni, aliyekuwa akimrudisha nyumbani hayupo tena. Alipanda nasi milima yote mpaka huku kwenye baridi, na wakwe waliponipokea walisema bibi harusi amekuja na askari wake.

Waliuliza jina lake. Nikawaeleza kwamba majirani zetu walikuwa wakikusema kila siku kwa kumpeleka binti shule, na si shule ya kujua kusoma Zaburi tu, bali mpaka darasa la kumi, nawe hukugombana na mtu hata mmoja. Ulimpa mbwa jina la Semeni, ukawa unamwita kwa sauti kubwa asubuhi na jioni, na kila aliyehusika alijua anaambiwa aendelee kusema. Walicheka sana. Mama mkwe alisema angependa kukujua vizuri zaidi.

Sasa nikueleze hofu ilivyoingia.

Huku, Baba, desturi ya ukwe ni kali kuliko kwetu, na Ukristo haujailegeza. Mke wa mwana hamkabili baba mkwe wake. Simtazami, simsemeshi, naye hanisemeshi. Akija upande wangu wa nyumba mimi hujificha nyuma ya ua wa mabanzi ulio kando ya jiko mpaka apite. Ili nipate muda, Mzee hukohoa anapokaribia. Hana kifua, ni adabu tu. Kikohozi kidogo, kikavu, mara mbili au tatu, kama mtu anayesema "napita." Basi mimi nikisikia tu, naacha mwiko, naacha sufuria, nakimbilia nyuma ya mabanzi.

Nikawa najificha asubuhi, najificha mchana, najificha nikiwa nafua. Nikamlalamikia Eliya kwa upole kwamba Mzee anapita mno upande wangu. Eliya akashangaa, akasema Mzee yuko shambani tangu alfajiri. Siku moja nikachungulia kupitia ufa, nikamwona anayenikimbiza. Ni Semeni. Alikuwa amekaa katikati ya uwanja, amenyoosha shingo, anakohoa kile kikohozi kidogo kikavu, bila kutoa kitu, kisha analamba mdomo na kunyamaza.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilimhadithia mama mkwe, naye akawahadithia wanawake wa kisimani, na kwa muda nikawa mkwe anayemkimbia mbwa. Hakuna aliyeona ubaya, hata mimi. Wawindaji wa huku huwafungua mbwa pua kabla ya mawindo kama ulivyofanya wewe: ugoro na pilipili iliyosagwa, hupulizwa kwa kijiti cha mwanzi. Mbwa wote wa mawindo hukohoa. Kwetu ulikuwa ukisema mbwa anayekohoa amefunguka. Kwa hiyo kikohozi cha mbwa hakimshtui mtu.

Lakini tangu ulipougua hakuna aliyempuliza Semeni kitu chochote. Mawindo yake ya mwisho ni yale aliyokwenda na wewe. Wazo hilo lilinijia nikiwa napepeta unga, na mikono yangu ikasimama. Kama si ugoro, ni nini?

Nikaanza kumtazama. Alipokuwa kwetu alikuwa akitangulia njiani na kurudi kututazama, kana kwamba anatuonea huruma kwa kuwa na miguu miwili. Sasa nikienda naye mtoni, kushuka anashuka vizuri, kupanda anasimama. Anakaa katikati ya njia, mdomo wazi, mbavu zinakwenda mbio, ananitazama kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Siku moja alianguka. Hakujikwaa, Baba, alilegea tu akaanguka kwenye majani, macho wazi, kisha akainuka na kujikung'uta kana kwamba hakuna kitu. Nilipomwambia Eliya alisema labda aliteleza, njia ile ina utelezi. Alisema pia mbwa anaomboleza, amempoteza bwana wake, na baridi ya huku Mbozi si joto la kwetu Momba. Alisema kwa upole, akanishika mkono. Nikaamini, maana nilitaka kuamini.

Kisha tumbo likaanza kutoka.

Hapo nyumba nzima ikafurahi. Mgongo wake ulikuwa unakonda, mifupa ya nyonga ikionekana, na tumbo linazidi kuwa duara, na mama mkwe akapiga kigelegele uani. Alisema mbwa wa bibi harusi kushika mimba nyumbani kwa maharusi ni baraka. Akanitazama mimi kiunoni, akasema, "Mbwa ametangulia. Mwenye mbwa naye asichelewe." Ungemwona Eliya alivyotazama pembeni. Watoto wa Semeni wakagawanywa kabla ya kuzaliwa. Jumbe aliomba dume, fundi baiskeli akaomba jike, shemeji yangu Lazaro akaomba yeyote atakayekuwa na sikio moja lililolala kama la mama yake. Eliya aliwakubalia wote. Mume wangu hawezi kumnyima mtu kitu, ni ugonjwa wake.

Nami nilifurahi, Baba. Nilimwekea majani makavu kwenye kona ya ghala, nikawa nammegea ugali wa maziwa. Hakula. Alinusa akageuza uso, kwa adabu.

Kilichonionyesha ukweli ni jinsi alivyokuwa akikaa. Jua lilikuwa limesimama, kila mtu yuko kivulini, na mbwa wa Lazaro wamelala ubavu, wamenyoosha miguu kama wamekufa. Semeni hakulala. Alikuwa amekaa kwa matako, miguu ya mbele ameitanua, viwiko viko mbali na kifua, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta wa ghala. Kichwa kikishuka kwa usingizi alishtuka, akakiinua, akavuta pumzi. Kikashuka tena. Akashtuka tena. Kwenye shingo, chini ya taya, kulikuwa na mshipa unaorukaruka.

Nisamehe, Baba. Unajua sina dharau nawe hata kidogo. Lakini nilikuona wewe. Nilikuona kwenye ukuta wa nyumba yetu, mkeka umekunjwa mgongoni, kwa sababu ukilala chini ulizama. Nilikiona kikohozi chako kidogo tulichokiita cha tumbaku. Niliona tumbo lako lililojaa huku mabega yakiisha, na watu wakaja na maneno yao, mmoja anasema umelishwa kitu, mwingine anasema unashiba peke yako. Nilikumbuka nilivyokubonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki pale. Daktari wa misheni alikuja kutuambia ni moyo uliochoka, na wakati huo ulikuwa umechoka kabisa.

Nikaenda kwa Semeni nikapiga magoti. Nilimgeuza kidogo nikatazama chuchu zake. Zilikuwa ndogo, zimelala, kama za mbwa ambaye hajawahi kubeba, na kwa tumbo kubwa kama lile zilipaswa kuwa zimejaa. Niliweka kiganja upande mmoja, nikapiga kidogo upande wa pili. Kiganja changu kikapokea wimbi. Ndani hapakuwa na watoto. Palikuwa na maji.

Na siku hiyohiyo, Baba, Jumbe alipiga mbiu. Nguruwe wa porini walikuwa wamefukua mahindi bondeni, mashamba matatu yamelala chini, na wanaume wote wenye mikuki na mbwa watoke Jumamosi. Mkubwa wa wawindaji ni Mzee, baba mkwe wangu. Mbwa aliyetajwa wa kwanza ni Semeni, maana sifa zake zilimtangulia kutoka Momba. Wakasema siku zake za kuzaa bado, ataweza kufungua njia tu, wengine watamalizia.

Nilimwambia Eliya jioni ileile. Nilimwambia yote, mpaka habari zako. Alinisikiliza akiwa anafunga mpini wa mkuki, na mkono wake ukawa unapunguza mwendo. Kisha akasema, "Mke wangu, ni mawindo yangu ya kwanza tangu nioe. Nimwambie Mzee mbwa hatoki kwa sababu ya namna anavyokaa?" Sikugombana naye. Nilinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kubaya kuliko ugomvi, kwa sababu hatujawahi kunyamaziana. Alfajiri ya Jumamosi alitangulia bondeni na vijana kutandaza nyavu. Alinibusu kwenye paji la uso, akasema Mzee atampitia mbwa.

Kwa hiyo nikabaki peke yangu na jambo hilo. Mama mkwe alikuwa ameenda kwa mgonjwa. Semeni alikuwa amekaa karibu na ghala, na kitu kilichonikata maini ni kwamba alikuwa anafurahi. Alisikia mbwa wengine wakikusanyika njiani, akatingisha mkia. Mbwa hajui kuomba ruhusa ya kuugua. Angekwenda, angekimbia mpaka moyo upasuke, na angekufa akidhani amekutii.

Nikasikia kikohozi. Miguu yangu ilinipeleka nyuma ya mabanzi kabla akili haijaamka. Safari hii alikuwa Mzee kweli. Kupitia ufa niliona magoti yake, kamba mkononi, na kile kijiti cha mwanzi kikiwa kimechomekwa kiunoni.

"Semeni," akaita, "twende. Wenzako wanangoja."

Baba, nilikuwa na nukta chache tu. Kutoka nje na kumkabili ni aibu ambayo ingemfuata Eliya maisha yake yote. Kunyamaza ni kumuua mbwa wako. Nikafunga macho, nikafungua mdomo, nikasema na mbwa.

"Semeni, usiende."

Kamba ilisimama. Nikasikia kuku wakipekua.

"Semeni," Mzee akasema taratibu, "huko jikoni kuna mtu?"

"Semeni, mwambie Mzee yupo mtu, na anaomba radhi kwa kusema."

"Semeni, mwambie huyo mtu kwamba nguruwe wanakula mahindi ambayo na yeye atayasonga ugali."

"Mwambie Mzee najua. Lakini wewe ukikimbia leo hutarudi, Semeni. Wewe ni mgonjwa."

"Tangu lini mimba ikawa ugonjwa, Semeni?"

Alikuwa karibu kucheka, niliisikia sauti. Na mimi hapo nilikwama, maana nilipaswa kutaja chuchu mbele ya baba mkwe wangu, hata kama ni za mbwa. Nikasema, "Semeni, mwombe Mzee akutazame chini ya tumbo, kama kuna dalili yoyote ya maziwa. Kisha aweke kiganja upande mmoja wa tumbo, apige kidogo upande wa pili."

Niliona magoti yakikunjwa. Nikasikia kipigo kidogo kama cha mtu anayejaribu tikiti. Kikaja cha pili.

"Semeni," akasema mwishowe, "haya ni maji."

Ndipo nikamwambia yaliyobaki, yote kupitia kwa mbwa: kikohozi kisicho cha ugoro, kusimama njiani, kuanguka, kukonda mgongo huku tumbo linakua, kukataa chakula, na kukaa akiwa ameegemea ukuta kwa sababu akilala anazama. Na mwisho nikasema, "Semeni, mwambie Mzee kwamba baba yangu alianza hivyohivyo, akakaa hivyohivyo."

Nilipochungulia nikaona mkono wake uko juu ya kichwa cha Semeni. Akaanza kusema, na sijui kama alikuwa anasema na mbwa au na mimi au na wewe.

"Tulipokwenda Chitete kuzungumza habari za mahari, bwana wako hakusimama kutupokea. Alitupa mkono akiwa amekaa, ameegemea ukuta. Hakutusindikiza hata mpaka mwisho wa uwanja. Tulirudi njia nzima tukisema yule mzee ana kiburi, kwa kuwa binti yake amesoma." Akavuta pumzi. "Kumbe alikuwa hawezi."

"Alikuwa hawezi, Semeni," nikasema.

Sikuweza kumwambia zaidi. Sikumwambia kwamba asubuhi ya siku ile ulijaribu kusimama ukiwa umeshika nguzo, mara ya kwanza, mara ya pili, ukisema wakwe hawapokelewi na mtu aliyekaa. Kisha ukamwomba Mama apange mkeka vizuri, wageni wakukute umekaa kama mtu aliyependa kupumzika. Hilo nimelibeba peke yangu. Leo nimekwambia wewe, ambaye unalijua.

Mzee aliinuka, akakunja kamba, akakohoa kidogo, akaondoka bila mbwa.

Semeni alitaka kumfuata. Nilitoka mbio nikamkumbatia shingoni, nikakaa naye chini mpaka sauti za bondeni zikaisha. Moyo wake uligonga kwenye mkono wangu bila mpango, mara mbio, mara kimya, mara mbio.

Waliua nguruwe mmoja, wengine wakavuka mto. Eliya alirudi jua likiwa bado lipo, uso umejikunja. Wanaume walimcheka, wakamcheka hata Mzee. Walisema katika nyumba ile siku hizi amri hutoka jikoni. Mmoja alimwambia, "Wenzako wameoa, wewe umeolewa." Alinirudishia maneno hayo bila kunitazama. Nilidhani atanigombeza. Badala yake alikwenda mpaka kwenye ghala, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mbavu za Semeni kama mtu anayesikiliza mlangoni. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinua uso alisema, "Tabita, huyu mbwa anazama." Akachukua baiskeli, hakula wala hakunawa, akaenda kumtafuta Bwana Mifugo, aliyekuwa akichanja ng'ombe upande wa misheni. Huyo ndiye mume wangu, Baba. Naomba umpende.

Bwana Mifugo alifika leo alfajiri. Ni mtu wa maneno machache. Alimtoboa Semeni sikio kidogo, akapaka tone la damu kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini yake anayotazamia damu ya ng'ombe. Alinitazama, akaniuliza kama nimesoma, nikasema ndiyo, akanisogezea kiti. Niliona, Baba. Katikati ya chembe za damu kulikuwa na vijinyuzi vinavyojipindapinda, vinapiga huku na huku, vikiwa hai. Akasema hao ni watoto wa wadudu. Wazazi wao wanaishi ndani ya moyo wenyewe na kwenye mishipa ya kwenda mapafuni, warefu kama nyuzi za kushonea, wamesongamana. Ndiyo maana anakohoa, ndiyo maana anachoka, na moyo unaposhindwa kusukuma, maji yanabaki tumboni.

Nilimuuliza waliingiaje. Akasema ni mbu. Mbu anamuuma mbwa mwenye wadudu hao, kisha anamuuma mwingine, na huchukua miezi mingi kabla mtu hajaona kitu. Nikalikumbuka dungu lako kule kando ya Momba, ulipokuwa ukilinda mtama, wewe juu na moshi wako, Semeni chini kwenye majani. Miaka yote ile.

Nikauliza swali lililokuwa likinikaba. Nilimuuliza kama ndio waliokuua wewe. Akatikisa kichwa. Akasema hao ni wa mbwa. Moyo wa mtu una njia zake nyingine za kuchoka. Sijui kwa nini jibu hilo lilinifanya nilie, lakini nililia, na Eliya akanishika mbele ya watu wote.

Bwana Mifugo alimchoma Semeni tumboni kwa sindano nene, maji yakatoka taratibu, beseni likajaa, tukaleta jingine. Mama mkwe alisimama akitazama baraka ya nyumba yake ikimwagwa uani. Yalipokwisha akasema, "Basi tutamngoja mwenye mbwa peke yake." Eliya atakwenda kuwaeleza Jumbe na wenzake kwamba hakuna watoto. Mzee amesema atakwenda naye.

Bwana Mifugo alituonya kwamba maji yanaweza kurudi, na wadudu bado wamo. Kuna dawa ya sindano inayowaua, lakini ni kali kama sumu, na wakifa vipande vyao husafiri na damu mpaka mapafuni. Ndiyo maana mbwa asikimbie hata kidogo baada ya dawa, kwa majuma kadhaa, afungwe, abebwe, atulie. Na mkojo wake ukiwa mwekundu au mweusi kama kahawa, tumwite mara moja, maana hapo wadudu wameziba njia. Kwa hiyo kila asubuhi utamkuta bibi harusi msomi anamfuata mbwa uani kutazama anapochutama. Majirani watasema. Wacha waseme.

Sasa hivi, Baba, yuko mbele yangu. Tangu maji yatoke amelala. Amelala ubavu, miguu imenyooka, mdomo umefunguka kidogo, na mbavu zinapanda na kushuka bila haraka. Mzee alipita hapa punde, nikamwona kwa mbali nikajificha, na nilipochungulia alikuwa amesimama akimtazama mbwa aliyelala, kofia mkononi. Kisha akatembea kwa ncha za vidole asimwamshe. Alisahau hata kukohoa.

Najua kesho anaweza kufa. Nimekaa nikajiuliza kama nimwache na pumziko hili dogo, aishi kwalo mpaka maji yatakaporudi. Lakini wewe ulijaribu kusimama, Baba. Ulishika nguzo ukajaribu. Naye nitampa nafasi ya kujaribu.

Nakuahidi haya. Mbwa yeyote wa kijiji hiki akikohoa bila ugoro, nitakwenda kumsikiliza, hata wakinicheka mpaka Tunduma. Mtu yeyote wa nyumba hii akiegemea ukuta kwa sababu hawezi kulala, hataitwa mwenye kiburi mbele yangu. Na nitaishi vizuri na Eliya, nitafurahi kwa nguvu zangu zote, kama ulivyotaka uliponipeleka shule na kuwaacha watu waseme.

Pumzika, Baba yangu. Kesho, wakati wa sindano, kichwa chake kitakuwa mapajani mwangu, na nitamwita kwa ile sauti yako kubwa.

Binti yako,
Tabita